Lenzi ngumu za macho, ndogo au kubwa: uzoefu wangu hapa Tanga

Nina keratokonasi, yaani konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni, imekonda na kuchongoka, kiasi kwamba miwani hainisaidii tena. Daktari wa macho alinishauri nivae lenzi ngumu, zile zinazowekwa juu ya jicho lenyewe, kwa kuwa hazibonyei kufuata umbo la konea, na machozi hujaza bonde lililobaki chini yake.

Nilichouliza kabla ya bei ni hewa. Konea haina mishipa ya damu, hivyo jicho likiwa wazi hupata oksijeni yake nyingi kutoka hewani. Lenzi ngumu za zamani, za plastiki ya PMMA, ziliizuia. Sioni sababu ya kuzivaa leo ilhali zipo zinazoipitisha.

Nilianza na ndogo, zenye kipenyo cha milimita 9 hadi 10 hivi, ambazo huelea juu ya konea. Nilizipenda: naona vizuri sana, na kila nikipepesa, machozi mapya hupita chini yake. Lakini nikiendesha baiskeli Ngamiani upepo ukivuma, chembe moja ya vumbi ikiingia chini ya lenzi, sina budi kusimama kando ya barabara na kuivua. Zaidi ya hayo, daktari alipodondoshea jicho rangi ya manjano na kulimulika kwa taa ya buluu, michubuko ilionekana pale konea ilipochongoka. Hilo ndilo lililonifanya nibadilishe.

Sasa navaa lenzi za sklera, zenye milimita 16, ambazo hukaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea. Unaijaza lenzi salaini (maji ya chumvi ya kitabibu) isiyo na kihifadhi, unainamisha uso hadi utazame chini kabisa, kisha unaipandisha taratibu. Kiputo cha hewa kikinaswa ndani, unaanza upya. Vumbi halinisumbui tena. Ila machozi chini yake hayabadiliki kwa wepesi, kwa hiyo sharti iwe nyembamba na ya malighafi inayopitisha oksijeni kwa wingi. Alasiri lenzi ikianza kuingia ukungu, naivua na kuijaza salaini mpya. Maji ya bomba au ya kisima siyatumii kamwe, kwani yanaweza kuwa na akanthamiba, kimelea kinachoshambulia konea.

Ni ghali kuliko ndogo, na asiye na keratokonasi huenda zile ndogo zikamtosha kabisa. Kwa jicho kama langu, ningelipia tena hizi kubwa.