Unga wa rai jikoni Mtwara: usiusukumie chapati

Habari zenu watu wangu, karibuni tena jikoni kwangu hapa Shangani, Mtwara. Leo ninao huu, unga wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, kilo moja, kaniletea shemeji kutoka Ujerumani. Sogeeni muone: una ukijivu, unafanana na unga wetu wa mtama.

Siku ya kwanza nilikanda chapati. Ulinata vidoleni, ukanata kwenye kibao, na kila nikisukuma unakatika. Rai ina gluteni, ile protini inayofanya donge livutike, ila haivutiki kama ya ngano. Kinachoshika donge ni nyuzinyuzi zake, nazo zinakunywa maji kwelikweli. Kwa hiyo usihangaike kuukanda. Koroga kwa mwiko, uache.

Siku ya pili nikauchachusha. Unga na maji ya uvuguvugu, nikafunika kitambaa. Kwa joto letu hili, kesho yake ulikuwa unatoa mapovu. Nikaongeza unga na chumvi, nikausubiri uumuke, nikautia kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Uchachu huo una kazi: unavipunguza nguvu vimeng'enya vinavyovunja wanga, la sivyo mkate unakuwa kama gundi katikati. Warusi wanachachusha mkate wa rai wakapata kinywaji, kvass. Mimi naona ni ndugu kabisa wa togwa.

Na hii nafaka naiheshimu. Ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano na shayiri, huko pande za Uturuki. Ilipofika kaskazini mwa Ulaya, kwenye baridi na udongo wa kichanga, ngano ikasumbuka, gugu likastawi. Ni kama muhogo wetu, unavyotubeba kwenye mchanga ambao mahindi yanakataa.

Jina? Rai tumelitoa kwa Waingereza, rye. Wajerumani wanasema Roggen, Warusi rozh, mzizi ni mmoja. Waspania wao ni centeno, kutoka Kilatini cha mia, kwa imani kwamba punje moja inazaa mia. Ile rai ya kutoa maoni ni neno jingine, la Kiarabu.

Kwa chapati siushauri. Kwa mkate, ndiyo, na ukitaka ulainike changanya nusu kwa nusu na ngano. Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wake unadhurika na gluteni, asiuguse kabisa.

Huu hapa, wa jana. Mweusi, mzito, uchachu umekolea kuliko ulipotoka motoni. Ngoja nichovye kwenye mchuzi wa pweza wa nazi.