Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, pale Katuba, Lubumbashi: nendeni kwa ajili ya Laertes

Kiingilio faranga 5,000, viti vya plastiki, umeme ukakatika hata mzuka wa baba yake Hamlet haujatokea. Hayo tuyaache. Hamlet wao anasema vizuri, ila maneno mengi, kisasi cha baba yake aliyeuawa na mfalme hakisogei. Kisha anaingia Laertes, kijana mwembamba, shati limetoka kifungo. Baba yake, Polonius, ameuawa na Hamlet nyuma ya pazia, naye hajiulizi mara mbili: yuko tayari kumkata Hamlet koo hata kanisani. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyo ndiye mtoto wa kiume!" Hapo kusita kwa Hamlet kukaonekana wazi. Lakini pupa hiyohiyo inamfanya Laertes achezewe na mfalme, apake upanga sumu, na sumu imrudie mwenyewe. Kaeni mbele, kipaza sauti kinakoroma.