Ka redio ka kuzungusha na mukono: kanafaa, ila musidanganywe kuhusu simu

Nilikanunua Birere, hapa Goma, dola 18, muuzaji alianza na 30 tukapatana bei mpaka akachoka. Ni kale kenye toshi mbele, pano kadogo ka jua juu, mukono wa kuzungusha, na tundu ya kuingiza kamba ya simu, ati ya kuchaji. Nyumbani balicheka sana, ati mama unarudi ku vitu bya ba babu. Bacheke tu. Miye sijasahau 22/5/2021, volkano ya Nyiragongo ilipasuka jioni ya siku ya posho (jumamosi), kwetu umeme ukaenda, simu ya muzee iko ku asilimia 6, na kila jirani na habari yake, huyu anasema lava iko Buhene, yule anasema imeisha fika ku uwanja wa ndege, sisi tukakimbilia Gisenyi, ku Rwanda, na batoto bila kujua kweli ni ipi. Tarehe 27 nayo, balipotangaza watu batoke, kwetu wengi balijua juu ya kuona majirani banabeba magodoro njia ya Sake.

Sasa redio yenyewe. FM inashika vizuri, Redio Okapi inasikika hata mu chumba cha nyuma, na saa za habari ninakaweka ku kibaraza, majirani banakuja kusikiliza. Kuzungusha dakika mbili kunanipa kama dakika kumi za redio, sauti ikiwa chini. Ukikaacha ku jua siku muzima toshi inafika asubuhi. Lakini simu! Nilizungusha mpaka mukono ukavimba, nikapata asilimia 2, njo maana nasema hapo balitudanganya.

Jirani moja aliniuliza kama toshi itaonesha mazuku. Hapana mama, ile hewa ya sumu ya volkano haina rangi wala harufu, ni nzito inalala mu mashimo, batoto basiende kucheza kule, toshi ama hapana.

Kosa ingine ni letu wenyewe: batoto banamaliza moto yote ya betri ku kusikiliza mupira. Sasa kanakaa mu sako ku mulango, pamoja na karatasi za batoto, dawa ya maji na bido ya litre 5, na mwenye kukagusa tunapigana.

Napatia 3 juu ya 5. Kale ka mufuniko ka nyuma kalivunjika wiki ya pili, kalianguka ku mawe ya lava. Nikarudi na ile garanti ya mwezi moja, nikakuta mu kibanda iko mutu mwingine anauza viatu.