Asidi ya azelaiki ya asilimia 20: uzoefu wangu na ngozi ya mafuta, chunusi na madoa

Naipa nyota 4 kati ya 5, na nitaendelea kuitumia. Ngozi yangu ni nyeusi na ya mafuta, chunusi hupenda kutoka kidevuni na kwenye taya, na kila chunusi ikipona huacha doa linalokaa muda mrefu kuliko chunusi yenyewe. Wenye ngozi ya aina hii wananielewa. Chunusi inakuja na kuondoka, lakini doa ndilo unaloamka nalo kila siku kwenye kioo.

Daktari wa ngozi alinieleza jambo moja lililobadilisha namna ninavyochagua kila kitu ninachopaka. Ngozi yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia inayoifanya iwe nyeusi, hujibu uvimbe na mchubuko kwa kutengeneza rangi zaidi. Chunusi ni uvimbe. Lakini pia sabuni kali, skrabu ya punje, dawa inayounguza na kucha inayominya, vyote vinachokoza ngozi, na kila uchokozi unaweza kuishia kwenye doa. Kwa hiyo dawa ya madoa inayobabua uso inatoa kwa mkono mmoja na kurudisha kwa mwingine. Tangu siku ile swali langu la kwanza kuhusu bidhaa yoyote ni kama ngozi yangu itaivumilia. Nguvu yake nauliza baadaye.

Ndiyo sababu aliniandikia asidi ya azelaiki. Ni asidi inayopatikana kiasili katika nafaka kama shayiri na ngano, na hata aina ya hamira, yaani kuvu wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya binadamu, huitengeneza. Hupunguza bakteria wa chunusi, husaidia vitundu vya ngozi visizibe, na hubana kimeng'enya kiitwacho tirosinesi ambacho ngozi hukihitaji kutengeneza rangi. Kilichonivutia zaidi ni kwamba hulenga hasa seli zinazozalisha rangi kupita kiasi, na zilizo tulivu haizigusi sana. Doa linafifia, ngozi ya pembeni inabaki na rangi yake. Sikutaka kuwa mweupe, nilitaka uso wangu uwe wa rangi moja.

Sasa matumizi yenyewe. Krimu ni nyeupe, nzito kidogo, haina manukato. Napaka kiasi kidogo cha ncha ya kidole kwa uso mzima, ngozi ikiwa imekauka kabisa baada ya kunawa. Wiki za mwanzo inawasha. Nasema wazi kwa sababu wengi huacha hapo. Ni mwasho wa sindano ndogondogo kwenye mashavu na pembeni mwa pua, unaanza dakika chache baada ya kupaka kisha unaisha wenyewe. Niliambiwa nianze kwa usiku mmoja na kupumzika unaofuata, na mwasho ukapungua hadi nikausahau. Kuwashwa kwa muda mfupi ni kawaida. Uso ukivimba, ukitoa malengelenge au ukiendelea kuunguza hadi asubuhi, hiyo si hatua ya kuvumilia, osha uache na umwone daktari.

Matokeo hayaji haraka. Chunusi mpya zilianza kupungua baada ya mwezi hivi, madoa yakachukua miezi. Kwanza kingo za doa zilipoteza ukali, halafu katikati pakawa kahawia badala ya nyeusi, halafu siku moja nikalitafuta doa la kidevuni nisijue lilikuwa upande gani. Yale ya zamani kwenye taya yamefifia lakini yapo. Rangi iliyozama ndani ya tabaka la chini la ngozi hutoka kwa shida sana, na hakuna krimu ya kupaka inayoifikia vizuri. Makovu ya mashimo nayo haiyagusi, hayo yanahitaji matibabu mengine kwa mtaalamu.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya asubuhi. Ukipaka krimu hii kisha ukaweka losheni ya kukinga jua kabla haijakauka, vyote viwili vinajiviringisha usoni na kutoa vipande vidogo vyeupe kama mabaki ya kifutio kwenye daftari. Ukisugua ndiyo vinaongezeka. Dawa yake ni kusubiri ikauke, na kubonyeza losheni kwa viganja badala ya kuisugua. Mtu mwenye haraka atachoka. Mimi baadaye daktari aliniruhusu kuihamishia usiku pekee, na asubuhi nikaiachia losheni ya jua.

Na hapa sitanii hata kidogo: bila kinga ya jua, usinunue dawa yoyote ya madoa. Jua linarudisha mchana kile ulichofifisha usiku. SPF ni namba ya kiwango cha kinga iliyoandikwa kwenye losheni: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile ya jua inayounguza ngozi, na SPF 50 takriban asilimia 98, kwa hiyo tofauti ya namba si kubwa kama bei zinavyotaka tuamini. Tofauti kubwa iko kwenye kiasi unachopaka na kama unarudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Mistari miwili ya losheni kwenye vidole viwili ndiyo kipimo cha uso na shingo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la ziada ambalo matangazo hulipita: mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao hukoleza madoa, na losheni nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo. Zile zenye rangi huwekwa oksidi ya chuma, na ndiyo inayosaidia hapo. Zaidi ya hayo hazikuachi na uso wa majivu. Nilipohamia kwenye losheni yenye rangi, madoa yalianza kufifia kwa kasi niliyoiona kwa macho.

Dada yangu ana ngozi kavu, ile inayobana baada ya kunawa na kutoa magamba pembeni mwa mdomo, na krimu hii hii kwake ilikuwa habari nyingine. Ilimkausha. Kilichomfaa ni kubadilisha mpangilio: kwanza anapaka losheni yenye gliserini inayovuta maji na seramidi, mafuta yanayoimarisha ngozi, ngozi ikiwa bado na unyevu, anasubiri, ndipo anagusa madoa tu kwa azelaiki, na mwisho safu nyembamba ya mafuta ya mgando mahali panapobana. Mafuta ya mgando hayaongezi maji, yanazuia yaliyopo yasitoke, ndiyo maana kuyapaka kwenye ngozi iliyokauka kabisa hakumsaidii sana. Aliacha pia sabuni ya kipande usoni. Sabuni hizo nyingi zina pH (kipimo cha uasidi, namba ndogo ndiyo asidi zaidi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5, na ngozi kavu ndiyo ya kwanza kulipia tofauti hiyo.

Kama hujui ngozi yako ni ya aina gani, nawa kwa kisafishaji laini, usipake kitu kwa saa moja, kisha bonyeza karatasi laini kwenye paji, pua na mashavu. Mafuta kila mahali, ngozi ya mafuta. Paji na pua tu, ni mchanganyiko, na hapo unaweza kutumia losheni nyepesi katikati na nzito kidogo mashavuni. Karatasi kavu na uso unabana, ngozi kavu. Unyeti hauonekani kwenye karatasi, unaonekana kwa ngozi kuchomachoma na kuwasha kwa vitu ambavyo wengine hawavisikii, na ngozi ya mafuta inaweza kuwa nyeti pia. Mwenye ekzema, ugonjwa wa ngozi kukauka, kuvimba na kuwasha, iliyochachamaa aitulize kwanza na daktari wake kabla ya kugusa asidi yoyote.

Wajawazito wananiuliza sana. Retinoli na jamii yake yote, yaani dawa za ngozi za asili ya vitamini A, huachwa wakati wa ujauzito, lakini azelaiki ni miongoni mwa dawa za chunusi ambazo madaktari huziruhusu. Mwambie daktari wako una mimba, atakupangia.

Nilipokuwa nikitafuta dawa nilipewa pia kikopo kisicho na orodha ya viambato, kwa ahadi ya kutoa madoa ndani ya wiki. Nilikirudisha. Vikopo vya namna hiyo vimekutwa mara nyingi na zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi) ya kiwango cha juu au stiroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe. Zebaki hupita kwenye ngozi na kuharibu figo. Stiroidi huufanya uso ung'ae kwa muda, kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na ukiacha chunusi zinarudi kwa fujo. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza baina ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni, na bado vipo. Naumia kila nikimwona binti mdogo ameshika kikopo cha namna hiyo. Tyubu yangu imeandikwa kila kilichomo, kiwango chake na tarehe ya mwisho wa matumizi, na sehemu nyingi kiwango hiki cha asilimia 20 hutolewa kwa cheti cha daktari. Cha asilimia 10 huuzwa bila cheti, hufanya kazi taratibu zaidi, na kwa ngozi nyeti ningeanzia hapo.