Lamu: kofia ya mkono, samaki wa nazi na mchanga wa Shela

Mimi ni fundi cherehani Mombasa, na nikisafiri jicho langu hutangulia kwenye uzi kabla ya bahari. Kwa mtu wa namna yangu, Lamu ndio mji wa pwani wa kwenda kununua. Mambo mengine nitayasema, lakini hili ndilo kubwa.

Basi linaishia Mokowe, upande wa bara, halafu unavuka kwa mashua. Wa ndege hutua kisiwa cha jirani, Manda, naye pia hana budi kuvuka. Ukishafika, kila kitu ni kwa miguu, maana vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari. Punda ndio wabeba mchanga, mawe na magunia, na akija aliyetwikwa, jibanze ukutani umpishe. Usiende na sanduku kubwa la magurudumu.

Maduka yako kwenye njia kuu ya ndani, ile iliyo sambamba na bahari: leso, vikuku vya fedha, makubadhi ya ngozi, masanduku ya mbao yenye nakshi. Nilipita yote haraka mpaka nikafika kwa mzee mmoja anayeuza kofia za vito, yaani zile zilizodariziwa kwa vitundu vidogo. Alikuwa na za mkono na za mashine, na hakuzichanganya. Nikashika moja nyeupe, nikaanza kusifu maua yake.

“Mwanangu, usitazame nje tu,” akaniambia. “Igeuze.”

Nikaigeuza. Kofia ya mkono ni vitambaa viwili vilivyoshikanishwa. Mchoro huchorwa kwanza, kisha vitundu hutobolewa kimoja baada ya kingine na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake ukakaza. Kwa ndani ilikuwa safi karibu sawa na nje, hakuna fundo linaloning'inia. Akanipa ya mashine. Nje inapendeza, wallahi, lakini ndani nyuzi zinaruka kutoka ua hadi ua, na ukipitisha ukucha zinanasa. Mimi nashona kila siku na sikuwahi kuonyeshwa tofauti hii kwa uwazi namna ile.

Kofia ya mkono humchukua mshonaji wiki nyingi, nyingine miezi. Kwa hiyo bei yake ni ya maelfu, na ni haki. Kupatana ni desturi, tena mzee mwenyewe alinipunguzia bila kununa. Lakini kumlazimisha mtu auze kazi ya miezi kwa bei ya mashine ni dhuluma, na nimeona wageni wakifanya hivyo na kutoka dukani wakijisifu. Kama fedha haitoshi, nunua ya mashine ukijua ni ya mashine. Mimi nilimchukulia baba kofia ya mkono.

Chakula sasa. Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi kwenye vibanda vya ndani. Jioni, viazi karai, mishkaki na maji ya ukwaju. Samaki wa kupaka niliyemla kwenye mkahawa mdogo wenye mabenchi alikuwa ameiva mpaka mfupani, tui zito, ndimu ya kutosha, na mkate wa mofa wa kuchovya. Hapo ningerudi hata kesho. Mkahawa mwingine, wa mbele ya bahari, haukuwa na bei kwenye orodha yake, na hesabu ilipokuja kaa mmoja alikuwa ameshinda mlo mzima wa siku iliyotangulia. Uliza bei kabla hujaketi. Pombe usiitegemee mjini. Huu ni mji wa Kiislamu, na vazi la ufuoni libaki ufuoni.

Ufuo wenyewe uko Shela, kama kilomita 3 kutoka mjini. Maji yakitoka unaweza kutembea kandokando ya bahari. Yakijaa njia inamezwa, basi panda mashua. Mchanga unaendelea kilomita kwa kilomita, mweupe, na ukipita nyumba za mwanzo watu wanapungua kabisa. Kivuli hakuna, kwa hiyo beba mwavuli na maji ya kunywa. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi yana nguvu, mtoto asiachwe peke yake.

Ombi moja kwa wanaokwenda: vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuo visichezewe. Mvua huzama humo, na ndiyo maji matamu ya visima vinavyonywesha mji. Nilikuta chupa za plastiki zimefukiwa kwenye mteremko na nikakasirika. Aliyeileta chupa imejaa anaweza kuirudisha ikiwa tupu.

Nenda nje ya siku za Maulidi kama unataka vyumba vya bei nafuu, na ukienda siku hizo weka nafasi mapema. Dukani ingia asubuhi, kabla jua halijawa kali na muuzaji bado ana wasaa wa kukugeuzia kofia.