Uzoefu wangu na NSD: nimehamisha seva za majina za duka na tovuti haikuzimika

Shangazi yangu ana duka la sare za shule katikati ya jiji la Nairobi, na wazazi wengi siku hizi wanaagiza kwa tovuti na kulipa kwa M-Pesa. Tovuti naitunza mimi. Tulipohamisha mara ya kwanza seva za majina, yaani zile zinazoiambia intaneti domeni (jina la tovuti) iko kwenye anwani gani, miaka mitatu iliyopita, tulifunga akaunti ya zamani siku ileile, na kampuni ya zamani ikafuta rekodi zetu, mistari inayotaja anwani hizo, papo hapo. Mchana kutwa ikawa hivi: mzazi anaweka PIN, pesa inatoka, SMS inaingia, lakini tovuti inasema bado hajalipa. Taarifa ya malipo hutumwa kwenye domeni yetu, na domeni yetu ilikuwa haipatikani. Shangazi alishinda kwenye simu akisomewa nambari za miamala moja baada ya nyingine na kuwaomba radhi wazazi. Sikutaka aipitie tena siku kama ile.

Safari hii nilitaka seva za majina zilizo chini ya domeni yetu wenyewe, ns1 na ns2, ili tukibadilisha kampuni kesho majina yabaki yaleyale. Nilichagua NSD, programu ya bure ya NLnet Labs ya Uholanzi. Inafanya kazi moja tu, kujibu maswali kuhusu domeni ulizoipa. Haina dashibodi wala hifadhidata; kila kitu kiko kwenye faili ya maandishi. Seva ya mzizi ya K, mojawapo ya zile 13 ambazo intaneti nzima huanzia kuuliza, ilianza kuitumia mwaka 2003, na hilo lilinitosha kuiamini na duka la sare.

Nilikodi seva mbili ndogo, moja hapa Nairobi na nyingine Frankfurt, ili moja ikizimika nyingine ijibu. Kuisakinisha kwenye Ubuntu ni dakika chache. Mwanzoni ilikataa kuwaka kwa sababu mfumo wenyewe tayari ulikuwa umeshika poti 53, mlango ambao maswali ya majina hupitia. Nilipoitajia anwani ya IP ya seva kwenye mipangilio, ikawaka.

Kazi kubwa ilikuwa kunakili rekodi, na hapa ndipo NSD iliponipendeza zaidi. Ina kikaguzi kinachoitwa nsd-checkzone ambacho husoma faili yako kabla haijaenda hewani. Nilibandika ufunguo wa DKIM, unaothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwetu, kama mstari mmoja mrefu, nacho kikakataa na kunionyesha mstari wenyewe: kipande kimoja cha maandishi hakiruhusiwi kuzidi herufi 255. Nikaukata vipande viwili, kila kimoja na alama zake za kunukuu, kikapita. Lakini hakitakuambia kwamba umesahau nukta. Niliandika jina la seva ya barua bila nukta ya mwisho, na domeni ikajiongeza nyuma yake mara ya pili. Faili ilikuwa halali kabisa, ila barua zote zingepotea. Niligundua kwa kuuliza kila rekodi mara mbili kwa amri ya dig, kwanza kwa seva ya zamani kisha kwa mpya, na kulinganisha majibu. Rekodi 27, moja moja. Ilinichukua jioni nzima na sijutii hata dakika moja. Siku hiyohiyo niligundua kwamba ukuta wa moto ulikuwa umefungua poti 53 kwa UDP, njia ya haraka ya majibu mafupi, peke yake. Jibu likiwa refu, kama lile la DKIM, muulizaji hurudi kwa njia ya pili, TCP, na pale angekuta mlango umefungwa.

Ukitaka seva za majina ndani ya domeni yako mwenyewe, kuna fundo. Anayekutafuta anaambiwa akamuulize ns1, na ns1 yenyewe imo ndani ya domeni anayoitafuta, kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Fundo linafunguliwa kwa msajili wa domeni, kampuni uliyonunulia jina: unaandikisha ns1 na ns2 pamoja na anwani zake za IP, na sajili ya .com, orodha kuu ya majina ya .com kama letu, huzitoa anwani hizo pamoja na jibu. Hiyo ndiyo rekodi ya gundi. Bila hiyo usiguse kitu kingine.

Kampuni ya zamani ilikuwa imewasha DNSSEC, sahihi zinazothibitisha kwamba majibu ni ya kweli, kwa hiyo kwanza niliondoa kwa msajili rekodi ya DS, inayoutambulisha ufunguo wa sahihi hizo. Kwa .com rekodi hiyo hukaa kwenye kumbukumbu za waliouliza sekunde 86,400, yaani siku moja, nami nikangoja mbili. Ningebadilisha seva DS ikiwa bado ipo, wanaohakiki sahihi wangeyakataa majibu yangu mapya yote.

Ndugu yangu unayetaka kuhama, shika hili hata ukisahau mengine yote. Sajili ya .com hutoa rekodi za seva za majina zikiwa na muda wa saa 48 wa kukaa kwenye kumbukumbu za waliouliza, na mteja hana uwezo wa kuupunguza. Kwa siku mbili kuna watakaoendelea kuuliza seva za zamani. Hakuna ujanja hapo. Unachoweza ni kuhakikisha za zamani na mpya zinatoa jibu lilelile. Kwa hiyo nililipia akaunti ya zamani mwezi mmoja zaidi na sikugusa rekodi wala kuhamisha tovuti yenyewe. Nilichobadilisha kule ni rekodi za NS tu, zile zinazotaja seva za majina, ili zitaje mpya. Dashibodi yao ilikataa, nikawaandikia, wakanibadilishia kesho yake.

Nilibadilisha Jumanne saa 4:40 usiku, wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, maagizo yakiwa yamepungua. Nusu saa baadaye laptopu kwenye faiba ya nyumbani ilikuwa inataja ns1 yetu, na simu kwenye data bado inataja seva za zamani. Anwani ya tovuti ilikuwa ileile kwenye zote mbili. Niliagiza soksi jozi moja kwa simu, nikalipa, na agizo likasoma limelipwa. Kila nilipoandika nsd-control stats_noreset niliona idadi ya maswali ikipanda. Kufikia Ijumaa kila nilikojaribu palijibu kwa majina mapya, na hakuna malipo hata moja yaliyokwama.

Kasoro zipo. NSD haitii sahihi za DNSSEC yenyewe. Lazima utumie programu nyingine kisha uipe faili iliyokwisha kutiwa sahihi. Pia haipokei mabadiliko ya papo kwa papo, kwa hiyo kama IP yako hubadilika kila mara itakuchosha. Na kama terminali inakutia hofu, lipia huduma yenye dashibodi, usijitese. Kwa duka ambalo rekodi zake hubadilika mara mbili kwa mwaka, mimi naipa nyota nne kati ya tano.

Akaunti ya zamani niliifunga mwezi ulipokwisha. Sahihi nazitia kwa programu ya ldns-signzone, naifanyia majaribio kwenye domeni nyingine tusiyoitumia, na DS ya duka itarudi kwa msajili wakati wa likizo ya Agosti.