TAHADHARI: Yule muuza sovereni (sarafu za dhahabu za Uingereza) wa mnada wa mtandaoni wa Jumamosi ni tapeli

Jamani, nimepigwa. Nilinyamaza kwa aibu, lakini kumwona bado ananadi, na watu wanamsifu kwa uaminifu, nimeshindwa kuvumilia. Mnamjua.

Alileta sovereni ya 1880: Malkia Victoria upande mmoja, Mtakatifu George na joka upande wa pili, herufi M ndogo chini ya shingo ya Malkia, yaani ilipigwa Melbourne. Imo ndani ya kasha la plastiki lililofungwa, lebo inasema MS-63, yaani daraja la sarafu ambayo haijatumika. Akaisogeza kwenye kamera, akaigeuza taratibu chini ya taa, inawaka. "Hii haijawahi kuingia mfukoni mwa mtu," akasema. Nikaweka dau. Mtu akanipita. Nikapandisha, naye akapandisha. Dalali ananiita kwa jina, "usiiache ndugu yangu, utaijutia." Nikapandisha tena, yule mwingine akanyamaza ghafla, nyundo ikagonga. Akaunti ile ipo kila mnada wake, inapandisha madau, na sijawahi kuiona ikishinda chochote!

Kwa nini niliamini? Kwa sababu namba ya lebo niliiangalia kwenye tovuti ya kampuni inayopima ubora wa sarafu na kuzipa madaraja, palepale mnada ukiendelea, ikaleta mwaka uleule, Melbourne, MS-63. Nani angekataa? Uzito nao huwezi kuupima sarafu ikiwa ndani ya kasha. Na sarafu za fedha alizokuwa ananiuzia zote zilikuwa safi.

Ilipofika nikampelekea mtu anayezijua. Akashika lenzi, akanionyesha nywele juu ya sikio la Malkia: nyuzi zimelika, pamekuwa bapa. Akaiinamisha kwenye mwanga, vikatokea vikwaruzo vyembamba uso mzima, vya kusuguliwa. Kisha akafungua rekodi ya ile namba, akashuka hadi kwenye picha. Sarafu ya pale ina jeraha dogo kwenye shavu la Malkia. Yangu haina. Namba ni ya kweli, ya sarafu ya mtu mwingine, na kasha ni la kughushi.

Tukapasua plastiki. Gramu 7.94, wakati sovereni mpya ni 7.988. Dhahabu ni halali, karati 22, na hapo ndipo alipojificha mwizi huyu, kwa sababu ukiipima tu utaridhika. Nimelipia MS-63 pamoja na kamisheni ya mnunuzi, nimepata sarafu iliyochakaa yenye thamani ya dhahabu yake tu.

Nilipomwandikia akajibu "mali ya mnada hairudishwi," akanifungia. Huyu asifutwe tu kwenye minada. Ashtakiwe kwa kughushi, arudishe kila senti, na yule wa kupandisha madau akamatwe naye! Anachezea akiba za watu wazima wenye familia.

Makasha yake kingo hazijashikana vizuri, na maandishi ya lebo yamevimba kidogo. Ukimwomba picha ya ukingo wa sarafu anabadilisha mada. Mng'ao wa sarafu yake umetulia tu, hauzunguki ukiigeuza. Namba ikikubali msiishie hapo, tafuteni picha mlinganishe alama kwa alama.

Uliyenunua kasha lolote kwake, nitumie picha ya pande zote mbili pamoja na risiti. Nakusanya malalamiko yetu yaende polisi kwa pamoja.